Mishale Mitano Niliyoigeuza

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipoamriwa kuandika jina la mtu mwingine kwa mkono wangu mwenyewe, na vidole vikaniwasha kama nimeshika upupu. Jina lenyewe lilikuwa Mbonde. Karatasi ilikuwa ndogo, upana wa vidole vitatu, ya kubandikwa juu ya jiwe. Aliyeniamuru alikuwa Mdachi mpima mawe, ambaye wapagazi walimwita Bwana Nyundo kwa kuwa hakuweza kulipita jiwe lolote bila kuligonga. Alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Karani, andika. Mlalo wa jiwe hili umeonwa na Mbonde." Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na ndio ulionipatia kazi ile. Siku hiyo nilitamani uwe mbaya usisomeke.

Sikuelezi habari hii kwa sababu inanipendeza. Hivi karibuni nimekuona mara mbili ukikunja uso mwenzako aliposifiwa mbele yako, na mara ya pili nilikusikia ukisema, "Nasikia hata kazi ile hakuifanya yeye." Nilikuuliza umesikia kwa nani, ukageuza maneno. Basi soma haya taratibu. Sikuyapata kwa mtu. Niliyatenda.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza shule ya serikali ya Wadachi pale Kilwa Kivinje. Nilijua hati ya Kiarabu niliyofunzwa chuo cha Kurani na hati ya Kizungu niliyofunzwa shuleni, na nilijua kusoma dira. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaanza, lakini watu wa bara walikuwa wamechoshwa na mashamba ya pamba waliyolimishwa kwa lazima, na mnong'ono ulikuwa mwingi njiani. Bwana Nyundo alitaka kupita Likawage na Liwale mpaka penye vile vilima vya mawe matupu vinavyochomoza katikati ya pori tambarare. Aliniahidi kwamba nikifanya kazi yangu vizuri ataniandikia barua ya kunipeleka Tanga nikasomee ualimu. Barua hiyo niliiota kila nilipofumba macho.

Mbonde tulimkuta Likawage. Alikuwa Mmatumbi aliyehamia pale, mkulima, na kazi yake ya pili ilikuwa kuchonga mawe ya kusagia nafaka. Alikuwa na umri wa baba yangu. Sikumwamkia. Sisi watu wa pwani wakati huo tulijihesabu waungwana, na mtu wa bara, hata awe na mvi kichwa kizima, tulingoja yeye ndiye atuamkie. Naliandika hili kama lilivyokuwa, bila kulipamba.

Bwana Nyundo alimchukua awe mwonyesha njia tu. Lakini tulipofika kilima cha kwanza, Mbonde alifanya jambo ambalo mimi, pamoja na dira yangu, sikuwa nimefikiria. Alikwangua uso wa jiwe kwa kipande cha chuma, akalimwagia maji kutoka katika kibuyu chake, akangoja kidogo, kisha akainama mpaka pua ikakaribia kuligusa. Lilikuwa jiwe la itale, lile gumu lenye chembe nyeupe, chembe za waridi na vipande vyembamba vinavyong'aa vya ulanga mweusi. Likiwa kavu huoni neno. Likilowa, unaona kwamba chembe zake ndefu hazikutawanyika ovyo. Zimelala upande mmoja, kama nyasi baada ya mafuriko kupita.

"Hili limelala, Bwana," alisema Mbonde, akainyoosha mikono yake miwili kuonyesha mlalo. Niliweka dira. Ulielekea kaskazini na kusini, ukiinamia kidogo mashariki.

"Umejuaje kutazama hivi?" aliuliza Bwana Nyundo.

"Nikichonga jiwe la kusagia kinyume cha mlalo wake, linanipasukia mkononi, na mwanamke aliyekuwa akilingoja ananitukana miezi mitatu. Matusi yale, Bwana, yanafundisha."

Bwana Nyundo alicheka mpaka akavua kofia. Tulikuwa tumekwisha safiri siku nyingi, na hakuwa amewahi kucheka kwa neno langu hata moja.

Kisha akatuketisha wote wawili akatueleza. Jiwe la aina ile, alisema, lilikuwa zamani uji wa moto ulioyeyuka chini kabisa ya ardhi, ukapanda na kupenya ndani ya miamba iliyotangulia. Ganda la dunia likiwa limetulia wakati uji ule unapoa, chembe hukaa kila moja ielekee inakotaka. Ganda likiwa linabanwa, chembe hujipanga kwa lazima, zikikwepa kule kunakotoka nguvu, na uji ukishaganda hubaki hivyo siku zote. Nilimfahamu upesi, kwa kuwa nyumbani nilikuwa nimemwona mama akikamua nazi kwa kifumbu, na machicha yakitoka yamefuata namna mkono ulivyosokota.

Pale pale palikuwa na mshipa mwembamba wa itale nyingine, mweupe zaidi, uliolikata lile la kwanza katikati. Mbonde aliulowesha, akatazama, akatikisa kichwa.

"Huu haukulala popote. Lile kubwa lilikuwapo watu wakigombana. Huu umekuja wamekwisha amuliwa."

Bwana Nyundo alitoa kitabu chake akaandika maneno hayo yote. Ndipo akaniambia niandike ile karatasi.

Toka siku hiyo tulikwenda kilima baada ya kilima. Katika baadhi ya vilima itale ilikuwa imetangulia mbano wenyewe, na chembe zake zilikuwa zimepondwa na kuvutwa mpaka zikafanana na macho ya mtu anayesinzia. Katika vingine ilikuja katikati ya mbano. Katika vingine ilikuja baada yake. Lakini popote palipokuwa na mlalo, mlalo ulikuwa ule ule, kilima kimoja na kingine vikiachana kwa mwendo wa siku nzima. Maana yake, mwanangu, ni kwamba nguvu ile haikubana kilima kimoja. Ilibana nchi yote, na kila jiwe lilishuhudia mahali pake bila kuambizana na jiwe lingine.

Hapo nilipaswa kufurahi. Macho ya Mbonde yaliishia kwenye kilima alichosimama juu yake; daftari langu ndilo lililoviunganisha vilima vyote vikawa habari moja. Kazi yangu haikuwa ndogo. Mimi sikuiona, kwa kuwa muda wote nilikuwa nikitazama sahani ya mwenzangu.

Nilihesabu. Asubuhi mpaka jioni Bwana Nyundo aliita "Mbonde" mara ngapi, na "karani" mara ngapi. Jina langu mwenyewe hakulitamka kabisa, sidhani alilijua. Alimpa Mbonde nyundo yake ndogo yenye mpini wa mti wa kwao. Alimmiminia kahawa katika kikombe chake mwenyewe. Mbonde alikunywa, akakunja uso, akasema, "Hii nayo imeungua kama jiwe lako, Bwana," na wakacheka tena. Nami niliyejua kuinywa kahawa nilikaa kando na birika la maji.

Kulikuwa na mpagazi mmoja wa Kivinje, Abdala, mtu wa mzaha. Kila jioni alinipigia kelele mbele ya wenzake: "Karani! Leo umemwandika nani?"

Wengine walijibu kwa pamoja, "Mbonde!"

"Mwandike na mkewe basi, jiwe lisipate upweke!"

Nilicheka pamoja nao. Husuda, mwanangu, hujifunza kucheka mapema sana. Moyoni nilikuwa nikisema: mtu huyu hajui hata kuandika jina ambalo mimi ninamwandikia.

Sasa nitakueleza kosa lenyewe, na ili ulielewe lazima ujue kazi ya mshale. Kipande cha jiwe kikishavunjwa na kubebwa, hakijui tena kaskazini ni wapi. Kwa hiyo kabla ya kuvunjwa, jiwe likiwa bado limeshikamana na mlima, mimi niliweka dira juu yake nikapiga mshale wa rangi nyekundu kuonyesha kaskazini. Bila mshale ule, ushahidi wa jiwe ni bure.

Katika kilima cha mwisho Bwana Nyundo aliugua homa, akabaki kambini. Alimtuma Mbonde achague mahali pa kuvunja, nami nikapige mishale. Mbonde alichagua mahali patano. Nilipanda naye, nikaweka dira, nikapiga mishale mitano iliyo sawa, kisha yeye akayavunja mawe. Nasema tena, ilikuwa sawa. Njiani tukishuka alinishika mkono mahali penye utelezi, akasema, "Taratibu, karani. Ukianguka wewe, nani atatuandika?" Hata wema ule ulinichoma.

Siku ya pili yake, wakati wa alasiri, wenzangu walipokwenda mtoni kutawadha, nilisema nina homa kama Bwana. Niliiacha sala, nikakaa nyuma ya mizigo na kisu na mchanga, nikaikwangua mishale ile mitano, nikaipiga upya, kila mmoja nikiugeuza robo ya duara kuelekea mkono wa kulia. Nilikuwa makini kuliko siku zote, na nilijisifu kwamba rangi mpya haikupita mipaka ya rangi ya zamani ila kidogo. Nilitaka jambo moja tu, Mbonde aonekane amekosea mara moja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Siku tatu baadaye, tukiwa njiani kurudi naye akibebwa kwa machela, homa ilipomwachia, Bwana Nyundo alipanga mawe yote chini, mishale ikielekea kaskazini, kusudi aone mlalo wa nchi nzima kwa mtazamo mmoja. Mawe mengine yote yalikubaliana. Yale matano ya Mbonde yalilala mashariki na magharibi, yakiyakata yale mengine kabisa.

Alitazama muda mrefu. Asubuhi ile ile alikuwa amepokea barua kutoka Kilwa, ikimwambia arudi haraka kwa sababu watu wa vilima walikuwa hawatulii. Kilima cha mwisho kilikuwa nyuma yetu mwendo wa siku tatu, na chakula kilikuwa kimepungua. Hakukuwa na kurudi kutazama.

"Mbonde," alisema, "mawe haya umeyavunja juu, au umeyaokota chini ya kilima, yaliyobingirika?"

"Nimeyavunja juu, Bwana."

Shaushi, mkubwa wa askari waliotulinda, mtu aliyekuwa akiwachukia watu wa bara bila kuhitaji sababu, akadakia, "Mwongo, Bwana. Mvivu wa kupanda. Hawa siku hizi wanatucheka wote."

Mbonde hakumtazama. Aliyalowesha mawe yake, akayageuza moja moja mpaka mlalo wake ukafuatana na wa mawe mengine. "Hivi ndivyo yalivyokaa," alisema. "Mishale ndiyo sijui. Mimi sijui mishale. Mwulizeni karani, alikuwapo. Ni kijana aliyesoma."

Hakusema vile kwa kejeli. Aliniamini.

Bwana Nyundo alinigeukia. "Ulipiga mishale jiwe likiwa bado mlimani?"

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Ilikuwa ndefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili. Nikasema, "Niliyakuta yamekwisha vunjwa, Bwana. Alinionyesha kaskazini kwa kidole. Nikaandika nilichoambiwa."

Nikaandika nilichoambiwa! Mimi niliyeona kwa macho yangu na kushika dira kwa mkono wangu nilijificha nyuma ya maneno ya mtu mwingine, maneno ambayo hata yeye hakuyasema. Tangu siku hiyo sijaweza kulisikia neno "nasikia" bila kukunja uso, maana najua linavyofaa kujisitiri.

Shaushi alisema adhabu ya mtu anayemdanganya Mzungu inajulikana. Wakati ule tuliiita hamsa ishirini, kwa hesabu ya viboko vyenyewe, ishirini na vitano. Bwana Nyundo alisita. Nadhani, kwa jinsi nilivyomwona, alikuwa na uchungu wa kudanganywa na mtu aliyempenda, na uchungu wa namna hiyo ni mbaya kuliko hasira. Akaashiria kwa mkono, akaingia hemani kwake.

Viboko sitavieleza. Nitakwambia tu kwamba Mbonde alilazwa uso wake ukielekea kwangu, na kwamba macho yake hayakuniacha. Abdala mwenye mzaha aliondoka akaenda kusimama mbali. Na kilipofika cha kumi hivi, niligundua jambo ambalo mpaka leo linanitisha: husuda yangu ilikuwa haijapungua. Nilikuwa nikimwonea wivu kwa vile hakulia.

Asubuhi Mbonde aliiweka ile nyundo ndogo mbele ya hema, akakataa ujira wake, akashika njia ya Likawage akitembea polepole. Nilimfuata. Sikuwa na nia njema iliyo kamili. Nilitaka aniondolee uzito. Nilimfikia penye kichaka cha mianzi.

"Shikamoo," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza.

Alisimama bila kugeuka. "Marahaba. Sema."

Nikasema yote, kisu, mchanga, robo ya duara. Nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikachoka.

"Unaniambia mimi?" alisema. "Mimi nilijua jana. Mishale imepigwa na mmoja, na aliyeipiga ni wewe. Mtu mwingine angesema alisikia hivi au vile, ningemsamehe, maana aliyesikia amesikia. Wewe ulikuwapo." Akageuka, akanitazama. "Hayo machozi yako nitayapeleka wapi? Nenda kamwambie aliyeandika. Kitabu chake kinasema Mbonde mwongo. Kitasema hivyo mimi na wewe tukiwa tumekwisha kufa."

Akaenda. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba.

Nilirudi kambini. Nilijua ile barua ya Tanga naizika kwa mkono wangu. Bwana Nyundo alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Uligeuza kiasi gani?"

"Robo ya duara, Bwana, mkono wa kulia. Yote mitano sawasawa."

Alifungua kitabu, akaniwekea kalamu mbele. "Andika. Weka jina lako kamili." Nikaandika kwamba mawe matano ya kilima cha mwisho yamevunjwa na kuonwa sawasawa na Mbonde wa Likawage, na kwamba mishale yake imepotoshwa kwa makusudi na karani fulani bin fulani. Jina langu, lile nililotamani siku zote liingie katika kitabu kile, liliingia namna hiyo. Alikausha wino, akasoma, akasema, "Ondoka." Shaushi alitaka nami nipigwe. Bwana Nyundo alikataa, na kukataa kwake kulinichapa.

Alituma askari wawili wamrudishe Mbonde apate kuombwa radhi. Walirudi peke yao, hawakumwona njiani. Kabla ya sisi kufika pwani, vita vilikuwa vimekwisha waka, na Liwale tuliyoiacha nyuma ilikuwa inaungua. Baada ya vita ikaja njaa iliyomaliza vijiji.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda Likawage kwa miguu. Nilikuta nyumba yake imeanguka na shamba limemezwa na pori. Watu wachache waliobaki kila mmoja alikuwa na habari yake. Mmoja alisema Mbonde alikunywa maji ya vita akafa mstari wa mbele. Mwingine alisema alinyongwa Kilwa. Wa tatu, mwanamke, aliapa kwamba anaishi upande wa Lindi, anachonga mawe, ana wajukuu. Nilipenda sana kuiamini habari ya mwanamke yule. Nimeipenda miaka hamsini. Lakini nilimuuliza, "Ulimwona?" akasema, "Hapana, nilisikia." Basi sijui. Mtu akiniuliza Mbonde aliishia wapi, namjibu kwamba mimi nilimwona mara ya mwisho penye kichaka cha mianzi, mgongo wake ukivuja damu kwa ajili yangu, na zaidi ya hapo sikuwapo.

Ualimu niliupata baadaye, kwa njia ndefu, chini ya Waingereza. Usidhani nimepona. Mwaka jana tu, mwalimu niliyemfundisha mwenyewe aliposifiwa mkutanoni, nilihisi vidole vinawasha. Tofauti ni kwamba sasa naujua mwasho ule unakotoka, na nikiuhisi naweka kalamu chini.

Nasaha yangu kwako ni hii. Mwenzako akisifiwa, tazama kwanza kazi yako mwenyewe; huenda ni kubwa na wewe ndiye usiyeiona. Husuda ikikuingia, usiipe jina la haki wala la uchunguzi. Usimseme mtu kwa jambo ambalo hukuliona. Na kama uliliona, kama ulikuwapo lilipokuwa bado la moto, lichukue kama lilivyo, utoe ushahidi wako hata ukikugharimu barua uliyoiota. Ukikosea, usiende kulia kwa uliyemdhulumu peke yake. Nenda mahali uongo wako ulipoandikwa, uufute kwa mkono wako, upesi, kabla njia haijafungwa.

Kesho utakwenda kwa yule mwenzako. Umwulize mwenyewe juu ya kazi ile, ana kwa ana, na jibu lake ulipeleke kwa wale uliowaambia "nasikia."

Mwenyezi Mungu akupe jicho lisilochoka kuona kizuri cha mwenzako, akulinde na mkono wako mwenyewe, na akujalie umkute mtu wako angali njiani. Amina.